Video Yako na Uji wa Sofia

Marahaba, mjukuu wangu Deo.

Hapa Katandala tu wazima. Baridi imeshika, na mama yako anaanika ulezi. Umeniuliza kwa nini waajiri wachungulie video zako za mtandaoni wakati vyeti vyako ni vizuri. Swali hilo limeninyima usingizi, maana usaili wako ni wiki ijayo.

Nilipokuwa msichana, mimi na rafiki yangu Sofia tuliomba nafasi moja ya kupika shuleni. Sofia alijua kupika kuliko mimi. Siku moja tukifua mtoni, akatania kwamba akiipata, uji atakunywa yeye, watoto watakunywa maji. Kila mtu alicheka, hata mama mmoja tusiyemjua aliyekuwa anafua kando yetu. Mimi sikutania chochote kwa sababu jino lilikuwa linaniuma.

Kazi nikapewa mimi. Siku ya kwanza nikamkuta yule mama jikoni. Alikuwa mke wa mwalimu mkuu.

Jana dada yako alinionyesha video ambamo unamwigiza bosi wako wa zamani akisinzia. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Halafu nikakumbuka kwamba yule mama naye alicheka.

Bibi yako, anayekuwaza.