Kicheko cha Mama Ngalula

Kabedi, mujukuu yangu wa kule Lusaka, jambo sana!

Huku mutaani kwetu Kenya tuko bazima, na mutoto wa dada yako ameanza kutembea. Unaniuliza utasema nini kanisani Siku ya Mungu, ukishuhudia namna mwanga wa Mungu ulikuingia.

Nikiwa kijana, jirani yetu Mama Ngalula alisimama kanisani kushuhudia kwa Kiluba. Mukalimani wetu hakuachaka kitu: muhubiri akiruka, naye anaruka. Mama akafungua kinywa, maneno yakamukosa, akacheka tu, machozi yakimutoka. Mukalimani akatugeukia, akacheka kwa Kiswahili. Bantu bote tukacheka.

Tayarisha maneno yako, yakikukimbia usiogope. Nimesikia shuhuda nyingi. Ile tu ndiyo ninaikumbuka yote.

Kambo yako anayekupenda