Kasa Niliyemshika Watamu

S.L.P. 214,
Dundori, Nakuru.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa Mjomba Kahiga,

Hujambo, na wote hapo Watamu hawajambo? Goti lako linaendeleaje? Becky amepona kikohozi? Sisi tu wazima. Baridi ya Dundori inauma, lakini viazi vimetoa maua, na Mama anasema anakungoja Krismasi bila sababu wala visingizio.

Mjomba, ndoa ni tamu! Muturi ananiimbia akikamua ng'ombe, majirani wanamcheka, naye wala hajali. Sikujua mtu anaweza kupendwa hivi.

Asante kwa fungate uliyotupangia. Nilipotia uso majini na ile miwani na mrija wa kupumulia, samaki wa manjano na buluu walinipita puani kwa mistari, kama watoto wa shule waendao gwarideni. Nilipiga kelele ndani ya mrija nikameza maji ya chumvi.

Lakini kuna jambo nilikuficha, na limeninyima raha.

Kabla sijaingia majini, Ngumbao, jirani yako uliyemwomba atuongoze, aliniambia, "Dada, hapa tunaangalia kwa macho tu. Mikono iache ilale." Nikacheka, nikaitikia. Muturi hakusikia. Anaogopa maji, kwa hiyo alibaki ufuoni ameshika malapa yangu.

Ndipo nikamwona kasa, mpana kama karai la kufulia, akila nyasi za bahari taratibu kama ng'ombe. Alipoinua kichwa akaja juu, nilifanya kama nifanyavyo kwa mtamba wetu: nilimshika mgongo, nikamkuna shingo. Kumbe alikuwa anakwenda kuvuta pumzi. Alijipinda, akagonga matumbawe, akazama tena bila kupumua. Ngumbao alinivuta mguu, lakini alikuwa amechelewa. Sijui kama yule kasa alifika juu.

Wageni wa mashua nyingine waliona, wakamwambia mwenyekiti wa kikundi cha waongozaji. Ufuoni akaniuliza, "Kwani hukuambiwa usiguse?" Watu wamenizunguka, na mume wangu wa siku nne ananitazama kama malkia. Nikasema, "Sikuambiwa."

Muturi akamrukia Ngumbao. "Wewe boss, unampelekaje mke wangu huko bila kumweleza? Angeumwa je?"

Ngumbao akavua beji yake ya uongozaji shingoni, akampa mwenyekiti. "Basi kaka, yaishe," akasema.

Tangu turudi, Muturi amesimulia jinsi alivyonitetea: kwenye foleni ya maziwa, kanisani, hata kwa wazazi wake. Nami hukaa kando nikitabasamu.

Uliponitumia ujumbe kwamba Ngumbao bado yuko nyumbani, amesimamishwa kazi, na kwamba kikundi kitakutana tarehe 27 kuamua kama afukuzwe kabisa, sikuweza kuendelea kuficha. Jana nilimwambia Muturi ukweli wote. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Kumbe nilimtukana mtu bure, Wachuka," akatoka kwenda kwa ng'ombe. Hakuimba.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya mwenyekiti. Nimeandika kwamba niliambiwa, nikasikia, nikagusa, nikadanganya. Nimetia jina langu kamili na nambari ya kitambulisho. Leo Muturi ameisoma, naye akaandika chini yake maneno ya kumwomba Ngumbao msamaha. Naituma kwa basi la kesho ili ikufikie mapema. Wakitaka kunisikia, wanipigie simu mbele ya wanachama wote. Nakuomba, Mjomba, usinitetee.

Najua kwetu hasira ya mjomba haichezewi, tena wewe umekula mbuzi wa ndoa yangu juzi tu. Ukinikasirikia nitanyamaza nipokee. Lakini mrudishie Ngumbao jina lake kwanza.

Nisalimie Anti Jackie na Becky. Mungu awalinde mtokapo na mwingiapo.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye kwa moyo mzito,
Wachuka