Makopo Manne kwa Kila Mti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua ukipanda ngazi. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma humu, na nakuomba ukae kitako kwanza.

Anayekuletea barua hii ni mjomba mwenyewe. Najua umeshtuka kumwona mlangoni na begi lake, maana huyu mtu hakuwahi kuomba likizo hata ya siku moja. Atakuambia amekuja kukusalimia tu. Si kweli, dada. Amefukuzwa kazi.

Unaikumbuka ile miti arobaini tuliyopanda barabara ya hospitali mwaka juzi, kabla sijapandishwa kuwa msimamizi? Nilikutumia picha. Mjomba alikabidhiwa kuimwagilia, na hakuruka asubuhi hata moja. Kila mti makopo manne, si matatu wala matano, ndiyo maana kazini wakambandika jina la Mzee Kopo. Walimcheka kwamba huisalimia miti kabla ya watu. Naye akawajibu kwamba miti haimsengenyi akiipa mgongo.

Mwaka huu ikaanza kunyauka. Ulianza mmoja karibu na lango, majani yakakunjamana, yakapukutika, kisha mingine ikafuata mpaka ikabaki saba. Wagonjwa wanaosubiri kuitwa sasa wanasubiri juani, wamejifunika magazeti na bahasha za eksirei. Mkuu wa idara akauliza nani mwenye kumwagilia. Akaambiwa.

Kufukuzwa kwake ningeweza kuvumilia. Nisichoweza ni kwamba ameamini kosa ni lake. Mjomba, aliyetulea tangu mama alipofariki na hakusahau hata siku moja nani kati yetu hali vitunguu, sasa anadhani uzee umeanza kumla akili. Aliniambia huenda kuna siku alidhani amemwagilia kumbe bado. Juzi nimekuta mistari ya chaki ukutani mwa chumba chake: mmoja wa kufunga mlango, mmoja wa kuzima jiko, mmoja wa kunywa dawa. Akaniuliza, taratibu, kama nimewahi kumwona akisahau jambo. Nikamwambia apumzike. Hilo tu ndilo lililonitoka. Na kila asubuhi, kazi hana, bado alikuwa akibeba ndoo yake kwenda kuinywesha miti iliyokwisha kufa.

Dada, mjomba hakusahau kitu. Miti ile niliiua mimi, siku ile ile niliyoipanda.

Mche hutoka kitaluni ndani ya kiriba, kile kifuko cheusi cha plastiki. Jambo la kwanza analofundishwa mpandaji ni kukichana na kukitoa, mizizi ipate pa kwenda. Mimi nilifundishwa na mjomba, kwa kisu chake. Lakini siku ile wageni walikuwa wanakuja saa sita kuzindua, na ukitoa kiriba kwa haraka udongo humomonyoka, mche ukalala kama mlevi. Ukikiacha, unasimama wima. Nilitaka isimame wima kwenye picha. Nilikitaka kile cheo. Mjomba alipanda saba, akaitwa akalete maji; thelathini na tatu niliizika na viriba vyake, nikajiambia nitarudi wiki ijayo kuvitoa. Wiki ijayo ilipofika nilikuwa msimamizi. Mizizi imezunguka humo miaka miwili mpaka ikajinyonga. Ile saba iliyobaki ni ya mjomba.

Jumapili nilifukua mmoja. Kipande cheusi kilichomo humu ndani ya bahasha kimetoka huko. Na taarifa iliyosema kwamba mwagiliaji alizembea ina sahihi yangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mjomba amenibeba tangu nina miaka sita.

Mara tatu nimekaa naye mezani maneno yakiwa mdomoni, nikaishia kumwomba chumvi. Keshokutwa nitampelekea mkuu wa idara viriba vingine. Lakini najijua, naweza kufika mlangoni pake nikarudi. Ndiyo maana barua hii nimempa mjomba aibebe. Ikishafika kwako, sina tena pa kurudi. Sikuombi unitetee. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Mkalishe, umsomee yote, usiruke mahali.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu wote. Ukiona alama ya chaki kwenye begi la mjomba, usimuulize ni ya nini. Nilipomkabidhi bahasha hii aliichora mwenyewe, asije akasahau kukupa.

Ni mimi mdogo wako,
yule asiyekula vitunguu.