Kipimo cha Kifundo cha Mkono

4 Februari

Mwanangu Kifungo,

Pokea salamu zangu nyingi, na natumaini zinakukuta mzima, umekula, na hujapigwa shoti na friji za watu. Sisi hatujambo. Magoti yangu yanalalamika kila nikikanyaga cherehani, lakini sitaki kuyadekeza.

Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Simu yangu anakaa nayo kaka yako mkubwa, anasema matapeli wanawaandama wazee. Mimi tapeli sijamwona hata mmoja, ila kila ukipiga anapokea yeye, na ninyi wawili mkisikiana sauti tu mnawaka. Basi barua hii nimempa mama wa duka la vitambaa, ambaye huja huko kwenu kila mwezi kuchukua mzigo. Nijibu kwa njia hiyo hiyo.

Habari kubwa ni kwamba mdogo wako anaoa, tarehe ishirini mwezi wa nne. Yule yule aliyekuwa akisinzia juu ya mabaki ya vitambaa. Nashona sare za familia nzima, rangi ya kijani. Wote nimeshawapima, umebaki wewe, na miaka mitatu sijakuona, siwezi kukukatia kwa kubahatisha. Nitumie bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, kifundo cha mkono, na urefu kutoka begani hadi chini ukiwa umevaa viatu virefu. Najua huna viatu virefu. Azima.

Uje wiki moja kabla, usije siku yenyewe kama mgeni. Kaka yako ana mshirika wake wa kiwanda cha matofali, mtu mpole, amefiwa na mke. Kila akipita anauliza habari zako. Nimemwambia hujambo.

Na nywele uziache ziote kidogo.

Mama yako

19 Februari

Mama, shikamoo.

Barua imefika, imekunjwa ndani ya kitambaa cha mapazia, inanukia duka. Mimi mzima. Pole na magoti, tafadhali pumzika kati ya nguo na nguo, usibishe.

Kazi ipo. Wiki hii friji saba na mashine mbili za kufulia. Jana mteja kanifungulia mlango, akachungulia nyuma yangu, akauliza, "Fundi yuko wapi?" Nikamwambia fundi amechoka kusimama, aingie au arudi? Nimemaliza, friji inagandisha, bado ananiuliza mume wangu anaionaje kazi hii. Nikamjibu kwamba friji yake haijauliza.

Mdogo wangu mpe hongera. Mwambie aanze kujifunza kufua soksi zake sasa, asisubiri mke.

Vipimo ni hivi, kwa inchi: bega 15, kifua 36, kiuno 30, nyonga 42, mkono 24, kifundo 6, urefu 58 na viatu.

Nina ombi moja. Nataka nije na mwenzangu ninayeishi naye, yule mpishi wa hospitali. Mliwahi kuongea kwenye simu, ukasema ana sauti ya mtu aliyelelewa. Je, nafasi ipo?

Na swali: hizo sare za kijani zina mikono mirefu au mifupi?

Mwanao,
Kifungo

8 Machi

Mwanangu,

Nashukuru kusikia u mzima. Huku ni mbio tu, mashine haipoi.

Mambo ya mikono niachie mimi niliye fundi. Nguo yako nimeshaitia mkasi. Nilipoona bega kumi na tano nikasema haya, kazi imemkondesha mtoto. Lakini nilipofika kwenye mkono nikaweka mkasi chini. Inchi ishirini na nne? Ulipimwa ukiwa umening'inia? Mtu wa miaka ishirini na tisa harefuki mkono. Basi, nimefuata karatasi.

Kuhusu mwenzako, mwombe radhi. Vitanda havitoshi. Wageni ni wengi, na watu wataulizauliza, na siku yenyewe unajua ilivyo. Njoo peke yako.

Kaka yako anasema usihangaike na usafiri, atakuja kukuchukua mwenyewe.

Mama yako

17 Machi

Mama, shikamoo.

Natumaini u mzima, na mimi mzima. Salamu zimeisha, sasa naomba ukae chini.

Mimi nimekulia chini ya meza yako ya kukatia. Kabla sijajua kusoma nilikuwa nakushikia daftari la vipimo. Sare ya familia unachukua vipimo vitano, na mikono siku zote mifupi, kwa sababu unasema mirefu inaingia kwenye mchuzi. Kifundo cha mkono hukipimi kwa mtu yeyote isipokuwa bibi harusi. Mikono mirefu ya kubana, vifungo vidogo sita kila upande. Nani alikuwa akivihesabu na kukukabidhi kimoja kimoja? Jina hili nililipata wapi? Umenisahau kiasi cha kudhani sitajua?

Nikampigia mdogo wangu. Akacheka, alidhani naelewa kila kitu. Akasema, "Si tunafanya zote mbili siku moja, mambo yaishe?" Mambo gani, Mama? Mimi ni mambo? Yule mtu wa matofali ameshaambiwa ndiyo. Kaka ameshachagua wa kunisindikiza. Hata mwenye viti vya kukodi anajua siku ya harusi yangu. Asiyejua ni mimi tu, niliyetakiwa kuja na nywele zimeota!

Nimekasirika, sikufichi. Leo nimekata waya usiohusika nikaharibu friji nzima ya watu. Miaka tisa ya kazi sijawahi.

Kaka, yeye nani alimpima? Nani alimwamulia? Mimi nilipotaka kwenda chuo cha ufundi alisema msichana atashikaje bisibisi mbele za watu, na wewe ukanyamaza, ukanipenyezea nauli ndani ya mkoba wa sindano. Nilikushukuru, na bado nakushukuru. Lakini kwa nini ulinipenyezea? Nyumba ile umeijenga kwa cherehani, tofali kwa tofali, tena kabla yeye hajajua tofali ni nini. Leo anakushikia simu na wewe unasema matapeli. Tapeli ni nani kama si yeye?

Sasa sikiliza na hili, sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Vile vipimo si vyangu. Nilipoliona neno kifundo nilishuku papo hapo. Nikachukua futi ya kupimia, nikampima mwenzangu. Ilikuwa hasira. Nilisema kama wanataka bibi harusi, basi wamkate huyu.

Kwa hiyo gauni umelikata kwa mwili wa mtu ninayempenda. Si rafiki wa kugawana naye kodi, Mama. Nampenda kama wengine wanavyopenda waume zao, na nimewaona wengi wasiofikia hata nusu. Mimi napenda wanawake. Nilijua tangu nikiwa shuleni, na naamini nawe ulijua, maana ulikuwa ukinitazama, halafu unarudisha macho haraka kwenye sindano. Huyu anayejua kuchemsha sufuria la watu mia mbili, akirudi nyumbani ananiuliza mimi nataka kula nini. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza nataka nini. Simwachi. Na sitakuja kuvishwa.

Mwambie kaka asije. Akija atakuta mlango umefungwa, na majirani zangu wana midomo.

Mwanao,
Kifungo

22 Mei

Mama, shikamoo.

Wiki tisa sasa. Mama wa vitambaa amekuja mara mbili, mara zote mikono mitupu, na anakwepa macho yangu. Sijui harusi ya mdogo wangu ilikwendaje, na simu yake haipatikani. Sijui magoti yako. Nikipiga simu kaka anapokea, anasikia ni mimi, anakata.

Kama umenikana, niandikie neno hilo kwa mkono wako. Usimwachie kaka anijibie.

Mwanao bado,
Kifungo

11 Juni

Kifungo,

Marahaba. Magoti ni yale yale. Barua zako zote mbili nilizipata, na ile ndefu nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Kwanza nikuambie ukweli. Uliponiandikia kwamba vipimo si vyako, mimi nilishajua. Bega linaweza kukonda, mkono hauwezi kurefuka. Bega lako ni kumi na saba na mkono ishirini na moja na nusu, hata nikiamshwa usingizini nakutajia. Nilijua nakata mwili wa mtu mwingine, na nilijua wa nani. Ndiyo maana nikakimbilia kukuandikia habari za vitanda.

Halafu nilikasirika. Wiki nzima nilisema, mtoto gani anamwandikia mama yake maneno haya? Lakini nikaendelea kushona, kwa sababu tangu nianze kazi hii sijawahi kuacha nguo ya mtu nusu. Nilipofika kwenye vile vifungo sita, mikono ikakataa.

Hili sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Shangazi yangu alinisimamisha juu ya kigoda akanipima, akasema ni sare ya shule, nilikuwa naingia kidato cha pili. Nilisimama wima, nikavuta pumzi ili nionekane mkubwa. Alipofika kwenye kifundo cha mkono nikacheka. Nikamuuliza, "Shangazi, sare gani hii yenye vifungo mkononi?" Hakunijibu, alikuwa na pini mdomoni. Baada ya wiki tatu nikawa mke wa baba yako. Nilimpenda marehemu baadaye, sisemi uongo. Lakini shule sikuiona tena, na hakuna aliyeniuliza, na miaka arobaini nimekuwa nikiwapima mabinti wa watu kifundo cha mkono mwisho kabisa, harakaharaka, nikiwa na pini mdomoni. Wangapi hawakujua? Sikuwauliza. Nilikuwa nashona! Halafu nikakufanyia wewe, wewe wa kwangu mwenyewe. Hapo ndipo nilipokasirika kweli, Kifungo, na safari hii si kwa ajili yako.

Siku tatu kabla ya harusi ya mdogo wako, kaka yako alikuja na mshirika wake kuangalia gauni. Wanaume wawili wazima, wamesimama ndani ya chumba changu cha kazi, wanashika lesi kwa vidole vya vumbi. Nikauliza, "Bibi harusi ameulizwa?" Kaka yako akasema, "Mama, hayo yameshapita." Nikamwambia kwangu hayajapita. Nikamgeukia yule mtu wa matofali: "Baba, mwanangu hakutaki, wala hajawahi kukutaka. Ana mtu wake." Maskini, alishtuka kuliko sote. Kumbe aliambiwa wewe ndiye uliyemwulizia! Aliomba radhi, akachukua kofia yake, akaondoka.

Kaka yako alipiga kelele mpaka kopo la pini likamwagika. Akasema ataona nitaishije bila yeye. Nikamwambia kabla hajazaliwa nilikuwa naishi. Baada ya harusi hajakanyaga hapa, na simu aliondoka nayo. Juzi mke wa mdogo wako alikwenda kwake kusalimia, akaiona mezani, akaichukua bila kuomba, akaniletea. Yule binti nimempenda. Sasa simu iko kwenye mfuko wa aproni pamoja na mkasi. Lakini haya nisingeweza kuyasema kwa sauti, ndiyo maana nimeandika, na ndiyo maana nilichelewa. Barua hii nimeianza mara sita.

Usidhani nimeelewa kila kitu. Sijaelewa. Kuna siku nashona huku nalia, na kuna siku hasira inanirudia nakanyaga mashine mpaka uzi unakatika. Usinifundishe kwa haraka. Watu wameshaanza kusema, na wateja wawili wamechukua vitambaa vyao. Waende.

Ndani ya mzigo huu mna gauni. Nimelitia rangi ya bluu iliyokolea ili mwenzako asionekane kama anatoroka harusini. Shela nimekata, nimetengeneza mkanda. Vifungo vya mkononi nimeviacha, vyote kumi na viwili, nilishavitobolea matundu, na mkono mrefu namna ile unastahili. Mwambie akivaa ainue mikono juu. Likibana kwapani nimeacha nafasi ya inchi nzima ndani ya mshono.

Sasa nitumie vipimo vyako, vya kwako kweli. Bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Mikono nitaiacha mifupi, kwa hiyo kifundo usinitumie. Na safari hii nakuambia mapema ni nguo ya nini: ni ya kuja kumwona mama yako. Njooni wote wawili.

Vitanda vinatosha. Hata mwezi wa nne vilitosha.

Mama yako