Kwa Ambrose Thirkell wa Wexholme, Aliyeshindwa Uchaguzi Akarudi Nyumbani

Mwaka mzima umetimia leo, Baba, tangu asubuhi ile ya tarehe tisa Novemba 1785, ulipomaliza uji wako wa shayiri, ukaegemea kiti cha dirishani, ukalala usiamke. Tulilia, hatukatai. Lakini leo tumekaa mezani, tukaona kwamba tunaandika kwa moyo uliotua, maana tunajua jinsi tulivyonusurika kukuzika miaka kumi na moja kabla ya siku yako.

Ulikuwa mfanyabiashara wa mbao na katani. Meli zako zilikwenda bandari ya Riga, ng'ambo ya bahari, zikirudi zimesheheni, nawe ulikuwa gatini kabla ya kifungua kinywa. Hukununua ubao bila kuunusa. Koti lako la kijivu lilinuka msonobari hata kanisani, na Mama aliacha zamani kukugombeza. Wigi ulilichukia. Ukiingia tu nyumbani, linatundikwa kwenye msumari wa mlangoni, na kichwa chako chenye upara kinakaribishwa na kila mtu.

Majira yale mto ulipoganda na makuli wakakosa kazi, ulikusanya vipande vya mbao ukavipeleka mlango kwa mlango, ukivuta mkokoteni mwenyewe. Mjane mmoja alikuuliza, “Mheshimiwa mbunge amekuwa punda lini?” Ukamjibu, “Tangu aliposimama kuomba kura, mama.”

Naam, Bunge. Miaka kumi na mitatu uliusemea mji wetu huko London, na ulifanya kazi yako kwa uaminifu. Mnara wa taa kwenye ncha ya mchanga ni jasho lako, na mabaharia wangapi wamefika makwao kwa mwanga wake hatuwezi kujua. Ila London ilikuwa inakula mapafu yako. Kila kiangazi ulirudi umepungua, na kikohozi chako kilitangulia kupiga hodi. Barua zako zilisema, “Mimi mzima kabisa, msiwe na wasiwasi.” Mama hakuwa akisoma maneno. Alisoma mwandiko, na mwandiko ulikuwa unatetemeka.

Halafu ukaanguka kwenye ngazi za Bunge, ukabebwa na watu wawili. Hukutuandikia habari hiyo. Tuliisikia kwa nahodha mmoja. Mama alikusihi usisimame tena katika uchaguzi wa mwaka 1774. Ulimjibu kwamba watu wanakutegemea, na kwamba mtu hauachi mzigo katikati ya njia. Mama akanyamaza. Wanaomjua Dorcas Thirkell wanajua kwamba akinyamaza, ana shughuli.

Upigaji kura ulikuwa sokoni, kama desturi, siku tatu, kila mpiga kura akipanda jukwaani na kulitamka jina kwa sauti mbele ya mji mzima. Wewe na Bwana Peregrine Stroud mlikuwa mnakabana. Siku ya tatu mchana akapanda mkweo, Jabez Holtby, msokota kamba, mume wa binti yako Lettice, na nyuma yake ndugu zake wawili.

“Unamchagua nani?” karani akauliza.

Jabez alivua kofia yake. “Stroud,” akasema.

Watu wakacheka. Mmoja akapaza sauti, “Jabez, umepotea. Mkweo ni yule mwenye koti la kijivu.”

“Mkwe wangu namjua. Andika Stroud.”

Na ndugu zake wakasema vivyo hivyo. Ulishindwa kwa kura tatu, Baba. Tulikuona ukivaa kofia yako na kwenda nyumbani bila kumwangalia mtu.

Ukakaa nyumbani. Kikohozi kikapungua, kikaisha. Ukanenepa. Lakini Jabez ulimnunia majira mawili mazima ya baridi. Ukifika kwenye uwanja wao wa kusokotea kamba ulihamia upande wa pili wa barabara, hata kama upande huo ulikuwa matope matupu. Mjukuu alipozaliwa, akapewa jina lako, hukwenda kwenye ubatizo. Lettice alikuwa akija kwa mlango wa jikoni, anakaa na Mama, anafuta machozi kwa aproni, anaondoka kabla hujarudi kutoka gatini.

Asubuhi moja ya Februari, mkila, ulisema tena kwamba Lettice ameolewa na nyoka. Mama akatua birika.

“Nyoka ni mimi, Bwana Thirkell.”

“Unasemaje?”

“Mimi ndiye niliyekwenda kwa Jabez. Nilimwambia, mkimrudisha London atarudishwa kwetu ndani ya sanduku. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimpigia magoti, mwanamke mzima mimi, juu ya vumbi la katani. Nikamwapisha asikwambie. Basi ukitaka kununa, ninunie mimi, lakini yule mwache.”

Gervase, mwanao, alikuwepo mezani, na ndiye shahidi wetu. Anasema uliukata mkate vipande vidogo vidogo bila kula hata kimoja. Kisha ukasema, “Ile meli iliyoondoka kwenda Riga siku mbili kabla ya kura, ilikuwa na wapiga kura wangapi?”

“Kumi na mmoja,” Gervase akajibu. “Wote wa upande wako. Nilikuomba uizuie siku tano, ukaniambia upepo ni mzuri.”

“Upepo ulikuwa mbovu,” ukasema.

Mama alikutazama. “Kwa hiyo na wewe ulitaka kushindwa?”

“Nilikuwa nimechoka, Dorcas. Nilikuwa nimechoka hata sijui nimwambie nani. Mtu aliyeaminiwa na mji mzima anasimamaje sokoni aseme hawezi tena?”

“Na Jabez wa watu umemnunia kwa lipi?”

“Kwa sababu yeye alisema kwa sauti. Mimi nilijificha nyuma ya upepo.”

Mama akaanza kucheka, nawe ukacheka, na Gervase anasema hajui tena nani alikuwa analia na nani alikuwa anacheka. Uliondoka bila wigi wala kofia, ukavuka barabara moja kwa moja hadi uwanja wa kamba. Jabez alikuwa kazini, katani imemzunguka kiunoni, anarudi kinyumenyume kama wasokotaji wote, asikuone, mpaka mgongo wake ukakugonga kifuani.

“Nimekuja kukushika mkono,” ukamwambia.

“Mikono yote ina kazi, Baba. Nikiachia, uzi wote wa hatua hamsini unafumuka.”

“Nifanye nini basi?”

“Shika hapa. Usikaze sana. Turudi nyuma pamoja.”

Wafanyakazi wa pale bado wanasimulia jinsi aliyekuwa mbunge wa Wexholme alivyorudi kinyumenyume uwanja mzima, ameshika uzi wa katani kama anayeshika mtoto mchanga, na wala hakuna aliyethubutu kucheka mpaka wewe ulipocheka. Jioni hiyo Lettice aliingia kwa mlango wa mbele, mtoto mkononi. Uliwapokea binti yako na mjukuu wako kwa pamoja, na sahani zikaongezwa.

Baada ya hapo tulikuwa nawe miaka tisa na miezi. Uliwafundisha wajukuu kunusa mbao. Ulibishana na kasisi juu ya kengele. Ulipanda miti ya tufaha ambayo majirani walisema hutakula matunda yake, ukayala misimu minne, ukiwapelekea kapu kila mwaka bila kusema neno.

Mama hajambo. Anasema usiku analala, na mtu akimwuliza kama hana majuto, anamjibu kwamba kila aliyekuwa na neno kwako aliwahi kukuambia, nawe ulimjibu ukiwa hai, ukiwa umeketi kwenye kiti chako mwenyewe.

Unakumbukwa na mkeo Dorcas, mwanao Gervase, binti yako Lettice na mumewe Jabez Holtby, wajukuu zako Ambrose, Tamsin na Hester, ndugu wawili wa Jabez, ambao uliwasamehe siku ileile ulipopatana naye, manahodha na makuli wa gati lako.

Pumzika, Baba. Hutatoka mioyoni mwetu siku zote za maisha yetu.