Mchanga wa Ngomeni

Mama yangu,

Shikamoo. Presha inaendeleaje, na hapo Gongo la Mboto mnaamkaje? Mie huku Ureno mzima wa mwili. Naandika kwa sababu kwenye simu nanyamazaga tu, ukadhani mtandao umekata.

Umeuliza kama arobaini ya baba isogezwe mbele hadi nije. Ngoja kwanza nikwambie la huku.

Bado nafagia ile ngome ya mlimani. Waliijenga Waislamu waliovuka bahari kutoka Moroko, yapata miaka elfu sasa. Birika lao la kukingia mvua hadi leo lina maji. Akaja mfalme wa Kikristo, nao walipoona hawana wa kuwasaidia wakamkabidhi funguo wenyewe. Miaka ikaenda, watu wakahama, pakaota miti. Haya nawasimuliaga watalii bila hata kuyasikia mwenyewe. Tangu dada aliponipigia kwamba baba mmeshamzika, niko hivyo hivyo. Alisema baba mdogo aliita pale kaburini, mtoto wa marehemu atie mchanga, asijitokeze mtu. Nikakata simu, nikamalizia kufagia. Sijalia, mama, na hilo linanitisha.

Wiki iliyopita wachimbaji wa mambo ya kale walifukua kaburi chini ya ukuta. Mtu kalazwa ubavu wa kulia, kaelekezwa kibla, kama sie. Walikuwa wameisafisha mifupa kwa brashi siku nne. Kiongozi wao, mama mmoja mpole, akaniita nikaone. Nikachuchumaa. Sijui nilipatwa na nini. Mkono ukachota mchanga, nikautia mle mara tatu, huku nasoma yale tunayosomaga makaburini.

Wakanidaka. Kazi yao yote nimeifukia. Yule mama akanikazia macho, akauliza, "Huyu unamjua?"

Nikamjibu, "Ni baba yangu."

Machozi yalinitoka kidogo, kisha yakakatika. Sasa wamenihamishia getini, shimoni sisogei.

Basi msinisubiri, mama. Vibali vya kuishi huku bado, nikitoka sirudi tena. Someni hitma siku yake ileile.

Nisalimie dada, mwambie asijilaumu kwa kuchelewa kupiga. Nisalimie shangazi aliyekaa nawe eda yote hii. Na baba mdogo, aliyeniita pale kaburini, mpe salamu zangu. Mwambie mchanga nimetia.

Mwanao,
Salumu