Masaki ya Debora Imeanguka

Masoko,
Tukuyu.
27 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Hellen,

Ugonile? Joto la Tanga unalivumiliaje? Mguu umepona? Na kifua cha shemeji? Usinifiche, maana nikikosa habari zenu silali. Sisi wazima, ila mvua tu, nguo hazikauki na moshi wa jikoni unatutoa machozi.

Hellen, ile video uliyonitumia, Debora anajiita Debby, eti kazaliwa Masaki kwa matajiri wa Dar na mama yake anaishi Dubai, iliniuma sana. Nikawa najitazama kwenye kioo, nina nini mimi hata mtoto anikane? Kumbe kila jioni alikuwa anatundika shuka langu la maua ukutani nyuma ya jiko. Ndiyo Masaki yake hiyo.

Sasa sikia. Jumanne mvua ikashuka ghafla, nikakumbuka shuka langu. Nikakimbia, nikalivuta! Masaki yote ikaanguka, ikabaki migomba, moshi, na mimi na gauni la shambani. Sikujua Debora yuko laivu kwenye simu, watu wanamwona saa hiyo hiyo. Akaninong'oneza, "Mama, babu anaangalia!"

Babu! Baba mkwe wangu, mzee Ambilikile, yuko Mbeya na simu ya mjukuu wake. Mila yetu unaijua, tangu niolewe hajaniona uso. Nikajitupia shuka kichwani, nikachuchumaa nyuma ya pipa la maji. Huku namsikia Debora anasoma wanachoandika watu: "Debby, huyo dada wenu wa kazi anakimbia nini?"

Mdogo wangu, pale nyuma ya pipa niliomba kuliko ninavyoomba kanisani. Angesema ndiyo, ningebaki nani mimi?

Akapaza sauti: "Dada wa kazi wa nani? Huyo ni mama yangu mzazi! Kwetu mwanamke hajionyeshi kwa baba mkwe, na babu yangu yumo humu anatuangalia. Mimi ni Debora. Niko Masoko, Tukuyu. Anayetaka kuondoka aondoke!"

Hellen, nilipiga vigelegele ndani ya shuka, heshima yote nikaisahau! Babu naye akamwambia yule mjukuu wa Mbeya aandike: "Mkwe, toka kwenye mvua. Nimegeukia ukutani."

Wengine waliondoka kweli, wengine wakamtukana, na matusi hayo bado yananitia hofu. Yeye anacheka tu. Jana kapika mbalaga, ndizi zetu zile, mbele ya simu, kavaa kitenge changu, na jina kalibadilisha: Debora wa Masoko. Migomba imo, moshi umo. Mimi nakaa pembeni nimejifunika, maana babu habanduki kwenye simu.

Baba Debora anawasalimu. Nisalimie shemeji na mwanao Obed. Binti yako Felista mwambie picha zake alizozirembesha kwa simu nimeziona ni nzuri, ila uso aliozaliwa nao naupenda zaidi. Mungu awafunike nyote kama shuka lile lilivyonifunika mimi. Ndaga fijo, asante sana, kwa kunishtua mapema.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mama yake Debora, wa hapahapa Masoko,
Marita